"Bwana shamba, hii dawa gani?" na mengine yanayonichosha

Picha huingia usiku, baada ya taarifa ya habari. Jani limeshikwa kwa vidole viwili na kupigwa kwa tochi ya simu, nusu linang'aa, nusu giza. Chini yake maneno matatu: "Hii dawa gani?" Hajataja zao, umri wa mche wala kijiji. Usiku wenyewe haunisumbui, maana ndio muda mkulima ametulia. Kinachonichosha ni imani iliyo nyuma ya swali, kwamba kazi ya afisa ugani ni kujua majina ya dawa, na kwamba kila kinachonyauka kina chupa yake kwenye duka la pembejeo.

Nafanya kazi tambarare ya Moshi vijijini, kwenye nyanya, vitunguu, mpunga na mahindi ya mfereji. Ninayoyasikia huku ni yale yale ambayo wenzangu wa Hai na Arumeru wanayasikia, kwa hiyo nayaandika mara moja.

"Nyanya zimenyauka, nitajie dawa tu"

Nyanya inanyauka kwa kiu. Inanyauka pia kwa maji kuzidi, mizizi ikikosa hewa. Inanyauka kwa minyoo fundo, kwa mnyauko fusari, ambao ni wa ukungu, na kwa mnyauko bakteria. Jani lako kwenye picha halitaniambia ni kipi kati ya hivyo, kwa sababu tatizo liko kwenye shina na mizizi, na wewe umenipiga picha ya jani.

Ukweli ni kwamba nusu ya jibu unaweza kulipata mwenyewe kabla hujanipigia. Fusari kwa kawaida huanza na majani ya chini kuwa ya njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea. Mnyauko bakteria hausubiri unjano: mche unalegea mchana ungali wa kijani kabisa, jioni unainuka kidogo ukupe matumaini, baada ya siku chache umelala moja kwa moja. Ukiona hivyo, kata shina karibu na udongo, chukua kipande cha urefu wa kidole, kisha kishikilie ndani ya glasi ya maji safi, ncha ya chini tu ndiyo iguse maji. Usikitikise. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe wa rangi ya maziwa ukishuka taratibu kutoka kwenye ile ncha. Hizo ni bakteria zenyewe zinatoka kwenye mishipa ya shina. Usipoona kitu, pasua shina kwa urefu utazame kama ndani pamekuwa kahawia, kisha ng'oa mche mwingine uangalie mizizi kama ina mafundo.

Sasa tuseme uzi mweupe umeonekana. Hapo ndipo ninapogombana na watu, kwa sababu jibu langu ni kwamba hakuna dawa ya kutibu mche huo. Hakuna. Mkulima anadhani namficha, au nasubiri kitu mkononi. Anakwenda dukani, anarudi na chupa mbili za majina tofauti, anazimimina kwenye pampu moja ya mgongoni "ili ziongezeane nguvu". Nimeomba kuziona chupa za namna hiyo zaidi ya mara moja. Ukisoma maandishi madogo ya pembeni, zote mbili ni abamektini. Yaani amenunua kitu kimoja mara mbili, amezidisha kipimo bila kujua, na ni dawa ya wadudu anayompigia bakteria aliyejificha ndani ya shina. Wadudu rafiki wanakufa, bakteria yupo palepale, na zile nyanya zilizobaki zinakwenda sokoni kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hazijaisha. Walaji ni mimi na wewe.

Cha kufanya ni kung'oa mche na udongo wake, kuutia kwenye kiroba na kwenda kuuchoma nje ya shamba. Osha jembe. Usihamishe maji kutoka mstari ulioumwa kwenda mzima. Msimu unaofuata usirudishe nyanya hapo, na usidhani umebadilisha zao kwa kupanda nyanya chungu, bilinganya, pilipili hoho au viazi mviringo. Hizo zote ni ukoo mmoja. Hata mnavu tunaoupenda sana huku uko ukoo huo huo. Weka mahindi au vitunguu, na aliye kwenye skimu ya mpunga ana bahati, kwa sababu udongo ukikaa na maji ya mpunga bakteria huyu hupungua.

Umeona kwamba karibu yote hayo ni mambo ya kabla ya kupanda? Ndiyo maana nasema mniite wakati wa kitalu. Kuniita nyanya zimeshalala ni kuniita msibani.

Na nina ugonjwa wangu mmoja ambao wakulima wa kata yangu wameshauzoea: daftari. La kurasa 48, la watoto wa shule, linatosha. Andika mbegu gani, tarehe ya kusia, tarehe ya kuhamisha miche, ulipiga nini na lini, zao gani lilitangulia. Mwenye daftari nikimuuliza maswali matano kwa simu tunamaliza. Asiye nalo ananijibu "nilipiga ile ya kopo jekundu".

"Mambo ya kilimo yanaamuliwa wilayani, sisi tunasubiri"

Hii ni mtoto wa ile ya kwanza. Rudi kwenye ule mche wenye bakteria. Mkulima mwema ameung'oa, ametoka nao shambani, halafu ameutupa wapi? Kwenye mfereji. Bakteria huyu husafiri na maji. Waliopo chini ya mfereji wamepokea ugonjwa bila hodi, na hakuna ushauri ninaoweza kumpa mmoja wao utakaomwokoa, kwa sababu shida iko kwa jirani wa juu.

Kantangaze, yule nondo wa nyanya, ndiye aliyetufundisha hilo kwa bei kali. Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini, na alithibitishwa nchini mwaka 2014, akianzia huku kwetu kaskazini, Arumeru. Jike moja linaweza kutaga mayai hadi 260. Kiwavi wake anachimba katikati ya ngozi mbili za jani, kisha anaingia kwenye tunda, na wengi hushuka kwenye udongo kugeuka kabla ya kutoka nondo. Unapopiga dawa juu ya jani, wewe na yeye hamkutani. Ukipiga ile ile kila wiki, wanaobaki ni wale isioweza kuwaua. Mkulima mmoja anaweza kutega mitego, akafunika kitalu kwa neti, akakusanya matunda yaliyotobolewa. Jirani akiacha nyanya zake kuukuu zimesimama shambani baada ya mavuno, kazi yote imeliwa.

Hili halitatuliwi na bwana shamba wala na mkurugenzi. Linatatuliwa na kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, angalau robo wakiwa wanawake, na chini yake iko kamati ya fedha, uchumi na mipango. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, mkutano ukaipitisha, halmashauri ya wilaya ikaiidhinisha. Nyanya zote zing'olewe baada ya mavuno. Mabaki yasitupwe mferejini. Asiyefuata anatozwa faini. Hayo ni maneno ya kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Nimekaa kwenye mikutano ambayo saa tatu nzima zimeishia kwenye ugomvi wa mchango, ikafika "mengineyo" watu wameshainuka, na kilimo kilikuwa ndani ya "mengineyo". Mwenyekiti, kiweke juu ya ajenda. Mniite na mimi, nitakuja na ile glasi ya maji.

Tena anayeniambia huku hatuwezi kujipanga bila amri ya juu ananishangaza. Mifongo, ile mifereji ya asili ya mlimani, ilikuwa na wasimamizi na zamu za maji kabla Mjerumani hajafika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikaandikishwa mwaka 1933.

"Bwana shamba amenikata jina kwenye ruzuku"

Chimbuko la hii nalielewa. Wakati wa vocha za pembejeo, kuanzia msimu wa 2008/09, kulikuwa na kamati ya kijiji iliyochagua nani apate na nani asipate. Maneno yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa ya haki. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 haiendi hivyo. Unajiandikisha kijijini, unapewa namba, unakwenda nayo kwa wakala. Kama jina halionekani, mara nyingi ni kwamba hukuhuisha taarifa, au namba ya simu uliyoandikisha ilishapotea, au ekari ulizotaja siyo unazolima. Nenda kwa mtendaji na kitambulisho chako, siku ya kawaida ya kazi, siyo siku mbolea imefika na foleni imezunguka godauni.

Na ule mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hauko kwangu kabisa. Asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu: hiyo ni meza ya afisa maendeleo ya jamii.

"Shamba darasa ni shamba la mwenyekiti"

Likiwa kwa mwenyekiti kila mwaka, basi lalamikeni, mna haki. Ila shamba darasa linatakiwa kuwa la kikundi, mahali pa kufikika, na anayejifunza ndiye anayepalilia. Ukija siku ya sherehe kula pilau, ukaona mahindi marefu ukaondoka, hujahudhuria. Nenda kitongojini, chagueni eneo wenyewe.

"Huduma ya ugani inalipiwa"

Hapana. Mshahara wangu unatoka serikalini.

"Mbolea ya chumvichumvi imeua udongo wetu"

Urea na SA (salfeti ya amonia) zikipigwa miaka nenda rudi peke yake huongeza tindikali, hilo ni kweli. Kilichochosha udongo zaidi ni mabua yote kupelekwa kwa ng'ombe na samadi kutorudi. Rudisha samadi, pima udongo kabla ya kununua mifuko. Vipimo tunavyo tangu serikali ilipotugawia sisi maafisa ugani, pamoja na pikipiki, mwaka 2022. Basi.

"Kihamba changu ni kidogo, ugani ni wa wenye maekari"

Wazee wa mlimani wenye vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, hii ni yenu, na inakuja na pacha wake: kwamba kahawa imekwisha, bora kuing'oa. Kahawa mliyorithi inaumwa chulebuni, ule ugonjwa wa matunda, na kutu ya majani, na bila kupiga dawa mara kadhaa kwa msimu haitoi kitu. Hapo mna haki ya kuchoka. Lakini TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wapo Lyamungo pale Hai tangu mwaka 2001, na wametoa aina chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili. Zinakaa chini ya migomba kihambani kama zile za zamani.

Kosa linalonitoa jasho ni la mtu kuokota mbegu chini ya mti chotara wa jirani na kuisia. Unachokipata siyo mti ule. Ni hadithi ya mahindi chotara: ukivuna ukahifadhi mbegu, msimu wa pili shamba linatoka marefu na mafupi, na mavuno yanashuka. Kwenye mahindi umepoteza msimu mmoja. Kwenye kahawa utasubiri kama miaka mitatu ndipo ujue umejidanganya. Miche hiyo huzalishwa kwa vipandikizi kutoka bustani mama, na baadhi ya bustani hizo ziko mikononi mwa vikundi vya wakulima. Agizeni kupitia kikundi au chama chenu cha msingi, mapema, mashimo yawe yamechimbwa na kutiwa samadi kabla ya mvua za masika.