Haki ya Kukataa Kuuza Pombe na Mipaka Yake

Malalamiko ya wateja walionyimwa pombe hujengwa karibu yote juu ya hoja moja, kwamba mteja alikuwa na fedha zake. Tumelieleza jambo hili mara nyingi: fedha hazimlazimishi muuzaji kuuza. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, chupa iliyopangwa rafuni na bei yake ni mwaliko tu, mteja ndiye anayeomba kununua, na muuzaji anaweza kukubali au kukataa. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1953, katika shauri la duka la dawa ambalo wateja walijichukulia bidhaa wenyewe.

Kwa pombe, hata hivyo, mara nyingi kukataa ni wajibu kabla ya kuwa haki. Umri wa chini wa kuuziwa ni miaka 18 katika nchi nyingi, 20 Japani na 21 Marekani, na mtu mzima anayemnunulia mtoto kwa niaba yake hupata kosa lake mwenyewe katika sheria nyingi. Vilevile, kumuuzia aliyekwisha kulewa ni kosa katika sheria nyingi. Katika Uingereza na Wales limo kwenye kifungu cha 141 cha Sheria ya Leseni ya mwaka 2003. Anayedai kwamba kahawa imemlevua anajidanganya, kwa kuwa kahawa haiondoi pombe mwilini, na kiwango chake katika damu kinaweza kuendelea kupanda hata baada ya glasi ya mwisho.

Mhudumu anayetilia shaka umri aombe kitambulisho halisi chenye picha, alinganishe picha na uso, asome tarehe ya kuzaliwa, kisha akague kama muda wa kitambulisho haujakwisha. Akikataa, aandike katika daftari tarehe, saa, kinywaji kilichoombwa, sababu na jina lake mwenyewe, kwani mkaguzi akifika, daftari hilo ndilo litakaloonyesha kwamba tahadhari ilichukuliwa. Kutegemea sheria ya mahali husika, anayekiuka anaweza kupewa onyo la maandishi, kutozwa faini, kuongezewa masharti, kusimamishiwa leseni au kufutiwa kabisa, na kwa kawaida hupewa kwanza nafasi ya kujitetea.

Haki hii haimruhusu muuzaji kubagua. Pale sheria inapokataza ubaguzi, kumnyima mtu huduma kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au ulemavu wake ni kosa, hata muuzaji akitaja sababu nyingine. Tunawasihi wahudumu wawe waangalifu hasa kwa mtu anayeyumba au kukokoteza maneno, maana huenda ana kiharusi au sukari yake imeshuka, naye anahitaji msaada wa haraka, si kutolewa nje. Mteja anayeamini amebaguliwa aulize sababu kwa utulivu, aandike mahali na saa, kisha awasilishe malalamiko kwa maandishi kwenye mamlaka ya leseni.