Si kila tundu kwenye gari-nyumba linafaa kuchomekwa dishi

Kwa kuwa vichwa vya waya vinafanana, wengi hudhani dishi litafanya kazi kwenye tundu lolote. Sivyo. Katika magari-nyumba mengi ya Marekani, tundu la kebo (televisheni ya waya) lililo ubavuni hupitia busta, yaani kikuza mawimbi, ya antena ya paa, ile yenye kitufe na kitaa ukutani. Ukiunga kebo ya kambini, zima kitufe hicho. Kitaa kikiwaka unapokea antena, na kebo utailaumu bure. Dishi ndilo lenye masharti: king'amuzi hulipelekea umeme wa volti 13 au 18 kupitia waya uleule unaoleta picha. Busta ikikaa katikati, umeme huo kwa kawaida haufiki, na skrini itaandika hakuna mawimbi hata kama dishi limeelekezwa sawasawa. Waya wa dishi uende moja kwa moja hadi kwenye king'amuzi.