Printa ya lebo yenye pini tisa haijazeeka

Maduka mengi hapa Nairobi yana printa za lebo zenye tundu la seriali la pini tisa nyuma, na mwenye duka akinunua laptopu mpya anaambiwa printa imepitwa na wakati, atupe. Asitupe. Mradi kichwa cha kuchapia hakijachubuka, itabandika bei kwenye unga na sabuni kwa miaka mingine mingi. Kinachokosekana ni adapta ya USB, kebo inayofaa na mipangilio michache.

Kwenye adapta, angalia unachouziwa. Ukienda Luthuli Avenue na kusema tu unataka "USB ya seriali", unaweza kupewa kile kibamba kidogo chenye waya za rangi wanachotumia watu wa Arduino, vibao vya kujifunzia elektroniki. Hicho ni cha TTL, yaani volti ndogo za ndani ya saketi, na wewe unataka cha RS-232. RS-232 ni kiwango cha tangu 1960, na volti zake huvuka sifuri: biti ya 0 ni kati ya +3 na +15, biti ya 1 ni kati ya -3 na -15. TTL haishuki chini ya sifuri na mpangilio wake ni kinyume. Ukivichomeka pamoja, kibamba kinaweza kuungua.

Kebo nazo ni mbili, ya moja kwa moja (2 kwa 2, 3 kwa 3) na ya kupishana (2 kwa 3), na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Wengi hubahatisha. Mimi hutoa mita ya kupimia volti. Washa printa bila kuichomekea kebo, weka ncha nyeusi kwenye pini ya 5, ambayo ni ardhi, halafu gusa pini ya 2 na ya 3 kwa ncha nyekundu. Ile inayosoma volti hasi, tuseme -6 au -9, ndiyo mdomo wa printa, pini inayotuma. Nyingine ni sikio, inayopokea. Pima adapta vilevile ikiwa imechomekwa kwenye laptopu. Kama midomo yote miwili iko pini ya 3, unahitaji kebo ya kupishana. Kama mmoja uko 2 na mwingine 3, ya moja kwa moja inatosha.

"Fundi, inaandika Kichina!" Simu hiyo huwa hainishtui, maana printa ikitoa takataka, angalau kebo inapitisha data. Kasi ndiyo hazijalingana. Printa nyingi huchapa lebo ya mipangilio yake ukishikilia kitufe cha kusogeza karatasi. Soma humo kasi, biti za data, pariti (biti ya kukagua makosa) na biti ya kusimamisha. Mara nyingi utakuta 9600, 8, hakuna, 1. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike (COM3 ni namba ambayo Windows imeipa adapta; weka yako):

mode COM3: baud=9600 parity=n data=8 stop=1 xon=on

Hiyo xon=on ya mwisho ndiyo watu huiacha, na ndiyo chanzo cha lalamiko gumu zaidi: lebo chache za kwanza zinatoka safi, halafu nyingine zinakatika au kupotea kabisa. Kumbukumbu ya printa imejaa na kompyuta haijui, inaendelea kumimina. Kebo za bei nafuu huwa na nyaya tatu tu, 2, 3 na 5, kwa hiyo printa haina waya wa kusemea "ngoja". Kwa XON/XOFF inasema kwa njia ileile ya data: baiti yenye thamani 19 inasimamisha, yenye 17 inaruhusu. Lazima iwashwe pande zote mbili.

Tatizo lingine ni mwendo wa kobe. Kwa 9600, kila baiti hubeba biti 10 njiani (8 za data, ya kuanza na ya kusimamisha), basi unapata baiti 960 kwa sekunde. Lebo ya milimita 50 kwa 25, kwa nukta 8 kila milimita, ina nukta 80,000. Draiva ikiituma kama picha ya heksadesimali (herufi mbili kwa kila nukta nane) bila kuibana, ni herufi 20,000, yaani zaidi ya sekunde 20 kwa lebo moja! Keshia gani atangoja? Kama printa inaelewa ZPL, lugha ya amri za printa za lebo, tuma amri zenyewe:

^XA^FO30,30^A0N,40,40^FDUnga kilo 2^FS^FO30,90^BY2^BCN,60,Y,N,N^FD123456^FS^XZ

Hizo hazifiki herufi 100. Ziweke kwenye faili lebo.txt, kisha:

copy /b lebo.txt COM3

Jina na msimbopau vinatoka papo hapo, kwa sababu printa inajichorea yenyewe.

Adapta ikihamishiwa tundu lingine la USB, COM3 inaweza kugeuka COM7, na programu ya duka ikabaki inatuma hewani. Irudishie namba yake kwenye Device Manager, au bandika lebo juu ya tundu: "Printa hapa tu". Namba ikifika 10 na kuendelea, kwenye amri ya copy andika \\.\COM10, la sivyo Windows itakutengenezea faili badala ya kuchapa.