Je, wajua ni kwa nini mashairi ya mfungwa yalipewa tuzo yenye jina la Rais?

Mwaka 1974 Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ilitolewa kwa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyotungwa na Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa ambaye miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa mfungwa wa serikali ya Kenyatta huyo huyo. Kosa lake lilikuwa waraka wa mwaka 1968 ulioitwa Kenya: Twendapi?, ambao ulilaani namna serikali ilivyokuwa ikikikandamiza chama cha upinzani cha KPU. Alihukumiwa kwa uchochezi, akatumikia kifungo cha miaka mitatu hadi Machi 1972, na muda mwingi akiwa peke yake chumbani, akiandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni.

Jibu jepesi ni kwamba tuzo ilikuwa mikononi mwa watu wa vitabu, si Ikulu. Hilo ni kweli, lakini halielezi ni vipi kitabu hicho kiliweza kuchapishwa Nairobi mwaka 1973, na Oxford University Press, bila ya kupigwa marufuku. Kwa maoni yangu, sababu kubwa imo katika utunzi wenyewe. Waraka ulisema wazi, kwa nathari, na mwandishi akafungwa. Mashairi yalisema mengi ya yale yale kwa mafumbo, na ni vigumu kumshitaki mtu kwa kutunga shairi juu ya mamba au jipu. Katika “Mnazi: Vuta N’kuvute”, Badi na Alii wanajibizana juu ya mnazi mmoja: Badi yuko juu na hataki kushuka, Alii yuko chini akidai haki yake. Msomaji wa Kenya ya wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa ni nani aliyekuwa juu, ingawa hakuna jina la mwanasiasa lililotajwa.

Mafumbo hayo hayakubuniwa gerezani. Mshairi Muyaka bin Haji aliwatungia watu wa Mvita, yaani Mombasa, mashairi ya siasa katika karne ya 19, wakati Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji huo, walipokuwa wakivutana na Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, na Abdilatif alilelewa katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, ni ndugu yake. Kwa hiyo waliomtuza walikuwa na mbele yao kazi ambayo kwa vina, mizani na Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, iliendeleza mapokeo yaliyoheshimika pwani nzima. Hata hivyo, si kila shairi limejificha: “N’shishiyelo ni Lilo” linatamka waziwazi kwamba mtunzi hatauacha msimamo wake, na ndilo, nadhani, linalokumbukwa kuliko mengine yote.

Mwaka ule ule wa 1974 Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alichapisha diwani yake ya Kichomi, na mabishano makali yakazuka juu ya mashairi yasiyofuata vina, ambavyo baadhi ya wasomi waliviona kuwa minyororo inayoyabana mawazo mapya. Sauti ya Dhiki inaidhoofisha sana hoja hiyo, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa mapya na ya hatari kiasi cha kutosha, na bado yamo ndani ya mizani. Tena ilitangulia katika fasihi ya gerezani ya Kenya huru: Ngũgĩ wa Thiong’o alikuja kuandika riwaya juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti mwaka 1978.

Tuzo, hata hivyo, haikumrudisha mshairi nyumbani. Alipofunguliwa alihamia Dar es Salaam kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambako mwaka 1973 aliuhariri Utenzi wa Fumo Liyongo. Kisha akaenda London kutangaza katika idhaa ya Kiswahili ya BBC, na hatimaye akafundisha Leipzig, Ujerumani, kwa miaka mingi. Mmoja wa washairi wakuu wa Kenya amefanya karibu kazi yake yote nje ya Kenya.