Bikoni ya baharini si ile ya ploti

Ukimtajia Mkenya neno bikoni, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye ploti: kile kijiwe cha saruji chenye chuma katikati ambacho sorovea hukichimbia kwenye pembe ya kiwanja, na ambacho jirani mwenye tamaa hukihamisha usiku. Lakini shuka gatini Mtwapa au Tudor, ulizia bikoni kwa watu wa boti za uvuvi wa mchezo, na watakutolea kitu kingine kabisa. Jina limefanana kwa sababu kazi inafanana. Ile ya ploti inasema mpaka ni hapa. Hii ya baharini inasema mtu yuko hapa. Ila ya ploti haitakiwi kusogea hata inchi, na hii ya baharini husogea na mkondo usiku kucha na bado inatakiwa iseme kweli.

Ni redio ndogo yenye betri yake, inayojua sentensi moja tu. Ukiiwasha, inatuma ishara kwa setilaiti: mimi ni fulani, niko mahali fulani, nina shida. Haipigi simu wala haipokei. Haina laini, haidai bando wala ada ya mwezi. Ikishawashwa inairudia sentensi hiyo kila baada ya sekunde 50 hivi, kila mara kwa nusu sekunde tu, hadi izimwe au betri iishe.

Na simu je? Hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu, na ni swali zuri. Simu inategemea mnara, na minara imejengwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu. Ukishaupita mwamba ukafuata sulisuli na jodari kwenye kilindi, mtandao unakuja na kupotea, kisha unapotea moja kwa moja. Redio ya VHF, ile ya mabaharia ya kuitana, ni chombo cha heshima, na chaneli ya 16 ndiyo ya kuitia msaada, lakini mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka. Redio ya mkononi iliyoshikwa na mtu ambaye kichwa chake tu ndicho kiko juu ya maji haifiki mbali. Ile kubwa ya kwenye boti huzama pamoja na boti.

Halafu kuna mkondo. Msimu wa kusi, maji ya pwani yetu hukimbia kuelekea kaskazini. Chukua mwendo wa maili mbili za baharini kwa saa, ambao si mkubwa kwa msimu huo: ni karibu kilomita nne kwa saa. Aliyeanguka mbele ya Nyali saa saba mchana, jamaa zake wakaanza kuulizana baada ya magharibi, wakati huo keshasukumwa kilomita 20 na ushei. Wao wanamtafuta Nyali, yeye kashaipita Mtwapa. Watu wengi hudhani aliyepotea baharini yuko pale alipoangukia, kama mtu aliyeanguka kisimani. Kisima hakiendi Kilifi.

Ami yangu ni nahodha wa boti ya kukodisha huko Mtwapa, na bikoni yake nimeishika mkononi. Ni ya manjano, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, nzito kidogo kuliko unavyotarajia. Antena yake ni utepe wa chuma uliozungushiwa mwili wa kifaa, kama ule wa tepu ya kupimia ya fundi. Ukiufungua unaruka wenyewe na kusimama wima. Chini yake ndiko kilikofichwa kitufe cha kuwashia, kwa hiyo huwezi kukibonyeza kabla hujaifungua antena. Nilimuuliza kwa nini wamekificha namna hiyo.

"Ili vidole vya watoto kama wewe, mwanangu, visiite meli bure."

Nina miaka 38.

Hiyo ya ami ni ya aina inayoitwa PLB, yaani bikoni ya mtu. Unaivaa, kwenye mkanda au ndani ya jaketi la kuokolea, na unaiwasha mwenyewe kwa mkono. Ikiwashwa lazima ifanye kazi kwa saa 24 zisizopungua. Aina ya pili ni EPIRB, ambayo ni bikoni ya chombo. Hii ni kubwa zaidi, hukaa kwenye kikasha chake juu ya boti, na zile za kujifungua zenyewe zina kifyatuo kinachohisi uzito wa maji: boti ikizama, kabla haijafika mita 4 chini, kifyatuo kinakata, bikoni inapaa juu, inaelea wima na kujiwasha yenyewe. Betri yake lazima imudu saa 48. Kwa meli kubwa za kimataifa EPIRB ni sheria. Kwa boti ndogo ya starehe ningeanza na ya mtu, kwa sababu kwenye boti ndogo ajali si lazima iwe ya chombo kuzama. Inaweza kuwa ni mtu kuteleza kwenye tezi akienda haja ndogo, boti ikaendelea na safari yake bila habari.

Hiyo ishara inaenda wapi? Mfumo wenyewe unaitwa Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, makubaliano yakawekwa mwaka 1979, katikati ya Vita Baridi, mataifa makubwa yakiwa yameelekezeana makombora. Wasovieti walirusha setilaiti ya kwanza Juni 1982, na kabla Septemba haijaisha mfumo ulikuwa umeshaokoa watu wake wa kwanza, abiria wa ndege ndogo iliyoanguka Kanada. Bikoni zinazungumza nao kwa masafa ya megahezi 406. Setilaiti inaisikia ishara, inaitupa kwa kituo cha ardhini, kutoka hapo inapelekwa kwa kituo cha uokoaji kinachohusika na bahari hiyo. Kwa upande wetu kituo hicho ni cha kanda na kiko hapahapa Mombasa, chini ya mamlaka ya bahari ya Kenya, KMA. Kilifunguliwa mwaka 2006. Wao hawana kazi ya kuruka majini. Kazi yao ni kujua nani yuko karibu na kumtuma: Walinzi wa Pwani, wanamaji wa Mtongwe, meli ya mizigo inayoelekea Kilindini, au mvuvi wa jarife aliyetokea kuwa jirani.

Setilaiti inajuaje ulipo? Njia ya zamani unaijua tayari, hata kama hujui kwamba unaijua. Simama kando ya barabara pale Kongowea, sikiliza honi ya matatu. Ikija, sauti ni nyembamba. Ikishakupita, inakuwa nzito. Honi haikubadilika, mwendo ndio ulioibadilisha. Setilaiti za mwanzo ziliipita bikoni kwa kasi, mabadiliko ya mawimbi yake yakapimwa, na kituo cha ardhini kikapiga hesabu ya mahali ilipo, kwa makosa ya kilomita kadhaa. Ubaya wake ni kwamba ungeweza kungoja saa nzima au zaidi setilaiti ipite juu yako. Sasa vipokezi vimepandishwa kwenye setilaiti zilezile za kuelekeza njia, za GPS, Galileo na Glonass, kilomita 20,000 hivi juu, na wakati wowote kuna kadhaa zinazokutazama, kwa hiyo ni suala la dakika. Na bikoni nyingi za leo zina GPS ndani, zikisema zenyewe ziko wapi kwa makosa ya mita mia moja hivi. Pamoja na hayo hutoa mlio wa pili, dhaifu, kwa megahezi 121.5, ambao boti au helikopta ikifika karibu huufuata kama mtu anayefuata harufu ya samaki wa kupaka.

Hapo kwenye 121.5 pana mtego wa pesa. Zamani bikoni nyingi zilitumia masafa hayo peke yake. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza tarehe 1 Februari 2009. Ukiuziwa mtumba wa bei ya mteremko ulioandikwa 121.5 bila 406, umenunua tochi isiyo na balbu.

Katika mapya yaliyokuja, mawili nayaona ya maana. La kwanza ni jibu. Tangu Januari 2020, setilaiti za Galileo za Ulaya zinaweza kurudisha taarifa kwa bikoni zilizotengenezwa kwa ajili hiyo: taa ndogo inawaka kukwambia ishara yako imefika. Haisemi boti inakuja, inasema tu umesikika. Unaweza kulidharau jambo hilo ukiwa umekaa barazani. Uliza mtu aliyewahi kukaa majini akishika ubao.

La pili ni AIS, ule mfumo unaofanya meli zionekane kwa majina kwenye skrini za meli nyingine. Sasa bikoni nyingine hutangaza pia kwa njia hiyo, na vyombo vilivyo maili chache kutoka kwako vinaona alama yako ikisogea. Uzuri wake ni kwamba anayekuona ni jirani, pengine boti yako mwenyewe iliyokuacha. Tangu Julai 2022, EPIRB mpya zinazofungwa kwenye meli za kimataifa lazima ziwe na AIS. Lakini kama boti yako na za wenzako hazina kipokezi cha AIS, hapo umelipia mapambo.

Kuna pia vile vifaa vya kuandikiana ujumbe kupitia setilaiti, kama inReach ya Garmin. Ni vizuri, unaweza kueleza kama ni mguu umevunjika au injini imekufa, ila vinadai ada na kuchajiwa, na wito wako unapitia kwanza kituo cha kampuni Marekani. Mimi ningekuwa navyo pamoja na bikoni, si badala yake.

Sasa turudi kwa ami, kwa sababu kisa cha bikoni yake ndicho kilichonifanya niandike. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya mashua yake ya matanga kabla hajarudi kwao. Ilikaa kwenye sanduku la chini ya kiti, chini ya kamba, chini ya makofia, chini ya chupa ya sosi ya pilipili ambayo hakuna aliyejua ilifikaje. Siku niliyoifukua, nikasoma tarehe ya betri ubavuni: ilikuwa imepita miaka mitatu. Betri hizo hukaa miaka mitano hadi saba kutegemea aina, na kwa nyingi hazibadilishwi nyumbani kwa bisibisi. Zinarudi kwa fundi aliyeidhinishwa, la sivyo maji yanaingia.

Hilo la betri lilionekana kwa macho. La hatari zaidi lilikuwa ndani. Kila bikoni ya 406 ina utambulisho wake, kwa nyingi herufi na tarakimu 15, na ndani yake imo namba ya nchi. Ya Kenya ni 634. Ya ami ilikuwa na 232, ya Uingereza. Angeiwasha, mahali pakajulikana, taarifa ingefika Mombasa sawasawa. Lakini wakitaka kujua ni ya nani, ni boti gani, ina watu wangapi, wangeuliza daftari la Uingereza, na daftari lingewapa jina la yule mzungu. Wangempigia simu. Angeipokea jikoni kwake akinywa chai, akasema yeye ni mzima wa afya, hana boti tena. Kwa kuwa sehemu kubwa ya wito wa bikoni duniani huwa ni wa bahati mbaya, mtu aliyeigusa tu au kuitupa jaani, hicho kikombe cha chai kingeweza kukugharimu muda ambao huna.

Ndiyo maana usajili ndio nusu ya kifaa. Ukinunua ya mtu mwingine, namba ya nchi ibadilishwe na fundi wa kifaa hicho, kisha uisajili kwa jina lako. Kwa nchi zisizo na daftari lao, Cospas-Sarsat wenyewe wana daftari la kimataifa mtandaoni, bila malipo. Na ukiiwasha kwa makosa, usiifiche kabatini ukiomba Mungu isahaulike. Izime, piga simu kituo cha uokoaji, sema ulikuwa ni mkono. Kujaribu kama ni nzima kuna kitufe cha majaribio. Usikibonyeze kila Ijumaa, kinakula betri.

Ami alinunua nyingine mpya. Ng'ambo huanzia kama dola 300, yaani karibu shilingi 40,000 kabla ya usafiri na ushuru, na alilalamika wiki nzima. Tukakaa sebuleni kwake kuijaza fomu kwenye simu yangu: rangi ya boti, urefu, injini, bandari. Tukafika mahali pa watu wa kupigiwa wakati wa dharura. Akanitajia namba mbili, zote mbili zake mwenyewe.

Mkewe alikuwa akichambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Bwana we, ukiwa majini hizo simu atapokea nani, changu au tasi?"

Tukaandika namba yake yeye, na ya dadaye wa Kisauni.