"Nimekunywa Kidogo Tu": Dhana Potofu za Pombe kwa Madereva Vijana

"Bia si pombe kali." Tupige hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Toti ya mililita 30 ya pombe ya asilimia 40 ina mililita 12. Aliyemaliza bia moja amemzidi kidogo aliyepiga toti mbili, lakini yeye ndiye anayeachiwa funguo, eti hakugusa kali.

"Nikinywa kahawa nzito na kuoga maji ya baridi, niko sawa." Hii hata mimi niliiamini miaka mingi. Kazi ya kuondoa pombe mwilini ni ya ini, na ini haliharakishwi. Kiwango kwenye damu hushuka kwa takriban gramu 0.015 kwa kila mililita 100 ndani ya saa moja. Kijana aliyefikia 0.15 saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado ana karibu 0.06. Ameshaoga, ameshavaa, anataka kumpeleka mdogo wake shule. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dereva kijana au anayeanza asivuke 0.02.

Peremende nazo, za kuficha harufu ya pombe? Kipima ulevi kinapima hewa inayotoka mapafuni. Harufu ya mdomo hakina habari nayo.

"Siyumbi, kwa hiyo naweza kuendesha." Hapa ndipo somo lilipo, na wengi wetu tunalipitia juu juu. Kabla miguu haijalegea, uwezo wa kupima hatari umeshapungua, na huo ndio ambao kijana anautegemea kujiambia kama yuko sawa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Mguu ukichelewa nusu sekunde tu kufika kwenye breki, mita 8 zimekwenda. Dereva mzoefu naye huchelewa, ila kijana bado anafikiria kila anachofanya kwenye usukani. Ndiyo maana kwa kiwango kilekile cha pombe, hatari yake ni kubwa zaidi.

"Atuendeshe aliyekunywa kidogo kuliko wote." Wa kuendesha ni yule ambaye hakunywa kabisa, tena achaguliwe kabla hamjatoka nyumbani.

Na ipo moja ya wazazi: "Nimemwonya vya kutosha, hawezi kupanda gari la mlevi." Mfikirie saa nane usiku, rafiki ameshawasha gari, simu mkononi, namba ya baba imefunguliwa na kidole hakibonyezi. Kijana haliogopi gari hilo kama anavyoogopa sauti ya baba yake. Basi mwambieni mapema, siku ya kawaida, hata mkiwa mezani: "Ukikwama piga, nitakuja, maneno kesho." Akipiga, nendeni, na njia nzima msiyaguse hayo.