Je, wajua kwa nini paneli ya jua ya kupasha maji hupasuka Molo, nyanda za juu za Kenya, hata hewa isipofika nyuzi 0?

Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari; Kisumu ni kama 1,130. Hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo Molo huizidi Kisumu kwa baridi ya nyuzi 9 hivi. Hata hivyo, kipimajoto cha ukutani huweza kusoma nyuzi 4 alfajiri, na jua likichomoza paneli ikawa inavuja juu ya mabati.

Sababu iko angani. Usiku paneli hutoa joto lake kuelekea juu. Wingu lingerudisha sehemu ya joto hilo, lakini usiku mkavu wa Januari hakuna wingu, wala upepo wa kuchanganya hewa. Paneli basi hupoa kuliko hewa inayoizunguka, kama majani ya viazi yanavyopigwa na sakitu. Tangi la lita 200 halina shida. Vijibomba vyembamba vya shaba ndani ya paneli ndivyo huganda kwanza.

Maji yakiganda, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani barafu ndiyo husukuma ukuta wa bomba hadi upasuke. Mara nyingi sivyo: barafu huziba bomba, kisha hurefuka na kubana maji yaliyonaswa kati yake na mfereji uliofungwa. Shinikizo likipanda, bomba hupasukia penye udhaifu, pengine mbali na barafu yenyewe. Ndiyo maana mfereji wa nje ulioachwa udondoshe maji kidogo usiku kucha hunusurika.

Kwa paneli, kinga ya bei nafuu ni turubai: funika kioo kabla ya giza, ukaze kamba. Kama fundi aliweka valvu kati ya tangi na paneli, zifunge, fungua tundu la chini la kumwagia maji, na la juu pia ili hewa iingie. Bila hewa maji hayatoki yote. Jaza tena asubuhi sakitu ikiyeyuka, kabla jua halijachoma paneli, na usisahau kufungua valvu: maji yaliyofungiwa juani ni hatari kuliko barafu.

Anayejenga upya huko juu heri anunue mfumo ambao maji ya kuoga hayapiti kwenye paneli. Humo huzunguka mchanganyiko wa propilini glikoli: sehemu 3 kwa 7 za maji hustahimili hadi nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Dawa ya rejeta ya gari isitumike. Nyingi ni ethilini glikoli, ambayo ni sumu, na koili (bomba lililojiviringisha linalopitisha mchanganyiko huo ili upashe maji ya tangi) ikitoboka, sumu itaingia kwenye maji ya nyumbani.

Mabomba ya nje yafukiwe futi moja na nusu, zaidi kwa sababu ya jembe kuliko baridi. Kipande kinachochomoza kivikwe sponji ya mabomba, na juu yake nailoni, maana sponji ikilowa haizuii baridi.

Bomba likishaganda, fungua mfereji kwanza, kisha kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu ukianzia upande wa mfereji. Moto na maji yanayochemka huharibu plastiki.